Rangi ya picha za filamu inatoka wapi, na mtindo unajengwaje juu yake

Mtu anaona picha za mtaani zilizopigwa kwa Portra 400, filamu ya rangi ya Kodak, anapenda ule ulaini wa ngozi na anga la rangi ya maziwa, anaagiza mikanda mitano. Inaporudi kutoka kusafishwa, mkanda wa kwanza una njano nzito, wa pili umeingia ubuluu, wa tatu nusu hivi nusu vile. Anahamia filamu nyingine za Kodak, Gold, kisha Ektar, kisha mkanda uliokwisha muda aliouziwa na fundi kamera, na hali inabaki ileile: picha moja nzuri sana hapa, nyingine pale, na hakuna mbili zinazokaa pamoja. Lawama zinaiangukia chapa. Chapa ni sehemu ndogo ya mnyororo huu, ila ndiyo pekee inayouzwa ikiwa na jina kwenye boksi, kwa hiyo ndiyo inayosifiwa na ndiyo inayotukanwa.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua negativu ya rangi ni kitu gani. Ina tabaka tatu kuu: moja inahisi mwanga wa buluu, moja wa kijani, moja wa nyekundu. Mkanda ukisafishwa, tabaka hizo hutoa njano, majenta na sayani, yaani kinyume cha rangi zilizoonwa. Juu ya hapo kiwanda huweka utando wa rangi ya chungwa, uliokusudiwa kufidia kasoro za majenta na sayani, ambazo hazichuji mwanga kwa usafi unaotakiwa. Kipande hicho cha chungwa ukikiinua dirishani hakikuambii nyeupe ni ipi wala kijivu ni kipi. Ni lazima mtu au programu aipindue picha, auondoe uchungwa, kisha aamue weupe unaanzia wapi, weusi unaishia wapi, na katikati pana rangi gani. Maamuzi hayo hayakuandikwa popote kwenye mkanda. Ndiyo maana negativu ileile, ikipita kwenye skana mbili zilizosetiwa tofauti, hutoa picha mbili ambazo huwezi kuamini ni za mama mmoja.

Waliojenga mitindo inayotambulika katika picha za rangi walilijua hili mapema. William Eggleston wa Memphis alipiga dari jekundu lenye balbu moja huko Greenwood, Mississippi, mwaka 1973. Wekundu unaofanya picha ile isisahaulike ulipatikana kwenye uchapaji: alitumia njia iliyozoeleka katika matangazo ya biashara, ambapo sayani, majenta na njano huhamishiwa kwenye karatasi moja baada ya nyingine, na kila rangi hukolezwa au kupunguzwa peke yake. Maonyesho yake ya mwaka 1976 katika Museum of Modern Art jijini New York yaliwakera wahakiki wengi, kwa kuwa rangi ilihesabiwa kuwa mambo ya matangazo na albamu za familia. Upande wa pili kabisa yupo Luigi Ghirri, Mwitalia aliyekuwa mpima ardhi kabla ya kuingia kwenye picha. Kuta, fukwe na vibanda vyake vina rangi iliyopauka kwa makusudi, na mchapaji wake wa Modena, Arrigo Ghi, ana sehemu yake katika upaukaji ule. Wote wawili walipiga vitu vya kawaida kabisa. Tofauti iko katika uzito wa rangi waliokubaliana nao na kuung'ang'ania.

Slaidi, yaani filamu inayotoa picha yenye rangi halisi bila kupinduliwa, ni habari nyingine. Rangi yake inakaa humohumo kwenye filamu, na ukikosea mwanga kwa zaidi ya nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuzidi maradufu au kupungua nusu) picha imeharibika. Fred Herzog alitembea mitaa ya Vancouver kwa miongo kadhaa na Kodachrome, slaidi ya Kodak, na sehemu kubwa ya mtindo wake ni subira hiyo ya filamu isiyosamehe. Kwa anayeanza leo, negativu ndiyo njia ya busara: ni rahisi zaidi kuipata, na inavumilia.

Kabla ya skana kuna mwanga, na hapa Afrika Mashariki mwanga una tabia zake. Jua hupanda wima na haraka. Kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi linalala ubavuni mwa kuta na kuzipa umbo. Ikifika saa 5 limeshakaa utosini, macho ya watu yanageuka mashimo, na rangi zinakuwa kavu. Mwezi Machi na Oktoba jijini Dar es Salaam kuna siku ambazo saa sita mchana nguzo haina kivuli cha kutaja. Jioni, kuanzia saa 10, mambo yanarudi kuwa mazuri, lakini usitarajie magharibi ndefu za Ulaya: jua likishazama una kama dakika 20 tu kabla kiza hakijaingia, na katika dakika hizo mwanga unashuka kwa kasi kiasi kwamba kipimo cha dakika tatu zilizopita hakifai tena.

Kivuli nacho si kitu kimoja. Kivuli cha wazi, kinachoangaliwa na anga la buluu, kina joto la rangi la kelvini 7000 na kuendelea (namba ikipanda, mwanga unazidi ubuluu), wakati filamu nyingi zimetengenezwa kwa mwanga wa mchana wa takriban kelvini 5500. Kwa hiyo kivuli hicho hutoka na ubuluu. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa hali ni tofauti: jua likipiga ukuta wa juu uliopakwa chokaa, ukuta huo ndio unaokuwa taa, na kivuli cha chini kinapata mwanga laini unaoelekea njano. Udongo mwekundu wa bara hupaka wekundu chini ya kidevu. Ukuta wa kijani ulio mita moja kutoka usoni hupaka shavu kijani, na hakuna skana itakayoutoa ukijani huo bila kuharibu kilichobaki.

Mfano unaofaa kukaa nao ni genge la sokoni lililofunikwa turubai la buluu. Jua la saa 6 linapenya turubai, na kila kilicho chini yake, nyanya, mizani, uso wa muuzaji, kinaoga buluu. Macho yetu huzoea ndani ya sekunde chache na hayauoni tena ubuluu huo. Filamu haizoei. Sasa mpiga picha anasimama nje, anapiga muuzaji akiwa chini ya turubai na barabara yenye jua ikionekana nyuma. Fundi wa skana anaona uso wa buluu, anaongeza njano na nyekundu, na barabara yote inageuka chungwa. Anapunguza, uso unarudi kuwa wa maiti. Mianga miwili imeingia kwenye fremu moja na hakuna rekebisho moja linaloitosha yote. Zipo njia tatu. Unaweza kuingia ndani kabisa, ukahakikisha kila kilicho kwenye fremu kiko chini ya turubai, ukaukubali ubuluu kama rangi ya picha. Unaweza kumsubiri muuzaji asogee ukingoni, pale mwanga mweupe wa barabarani unapomfikia usoni. Au unaacha, unarudi saa 2 asubuhi kabla mwanga wa turubai haujapata nguvu. Uamuzi wowote kati ya hiyo ni halali, ila ukiufanya mara kwa mara, mwaka mzima, kwenye masoko yote unayopita, mtu atakayeangalia picha zako 20 ataanza kuona mkono wa mtu mmoja. Ukichanganya zote tatu kwa bahati tu, ataona mitaa mingi na hatamwona mpiga picha.

Usiku, taa za bei nafuu za LED kwenye vibanda vya chipsi mara nyingi zina upungufu wa nyekundu, na ngozi hutoka ya kijivu. Taa ndefu za mirija huleta kijani. Filamu ya ISO 800 (namba ikipanda, filamu inahisi mwanga zaidi), tundu la lenzi la f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na kasi ya 1/60 ya sekunde vinatosha ukiwa karibu na taa. CineStill 800T, iliyotokana na filamu ya sinema ya Kodak na kuondolewa utando mweusi wa nyuma, hutoa duara jekundu kuzunguka kila taa. Duara hilo linapendeza mara tatu za kwanza. Baada ya hapo linakuwa saini ya kiwanda kwenye picha zako, na yako mwenyewe inapungua kwa kila fremu.

Kupima mwanga kwa negativu kuna kanuni moja ya kushika: linda vivuli. Filamu kama Portra 400 inavumilia stopu mbili hata tatu za ziada, lakini ikipungukiwa stopu mbili, vivuli hujaa chembe na tope la kijani, na rangi za katikati huchafuka. Kwa mkanda wa ISO 200 kwenye jua kamili, 1/250 na f/16 ndicho kipimo cha msingi. F/11 hukupa stopu moja ya akiba. Kivuli cha wazi kinataka f/4 ukiibakiza akiba hiyo, na ndani ya baraza ni stopu mbili zaidi. Akiba hiyo ina athari kwenye rangi pia. Ukitoa mwanga stopu moja zaidi, vivuli vinafunguka na rangi zinakuwa nyororo; ukitoa tatu, weupe unaanza kubanana na rangi nyepesi zinaelekea kufanana. Amua kiasi chako na usikibadilishe kila Jumamosi.

Ngozi nyeusi inahitaji neno lake hapa. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa atapata kipimo kilichotawaliwa na weupe, na uso wake utapungukiwa stopu moja hadi mbili. Mpigaji atailaumu filamu. Dawa ni kupima kwa kiganja: kiweke kiganja chako kwenye mwanga uleule unaomwangukia mtu, kipime kikiwa kimejaza fremu, kisha ongeza stopu moja, kwa kuwa kiganja huwa cheupe kuliko kijivu cha wastani. Viganja vya watu havitofautiani sana hata ngozi zao zikitofautiana, ndiyo maana njia hii inafaa. Historia pia ina mkono wake: kwa miaka mingi maabara zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zilitoka jinsi zilivyotoka. Filamu za sasa zimeboreka sana, lakini fundi au programu inayokisia "ngozi nzuri" bado inaweza kukisia vibaya. Piga fremu ya kwanza ya kila mkanda ukiwa umeshika kadi ya kijivu cha wastani kando ya uso wa mtu unayemfahamu. Fremu moja kati ya 36 si gharama kubwa kwa kitu kitakachoamua rangi ya zile 35.

Kusafisha hakuna nafasi ya ubunifu, kuna nafasi ya kuharibu tu. Mchakato wa C-41, wa kusafishia negativu za rangi, uliotumika tangu 1972, unataka dawa ya kwanza iwe nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15. Ukisafishia nyumbani, tia chupa zote kwenye beseni la maji ya moto ya nyuzi 39 au 40, pima joto la dawa yenyewe, si la beseni, na lipashe tangi kabla hujamimina. Joto likishuka, tabaka tatu hazikui kwa uwiano mmoja: vivuli vinaingia rangi moja, weupe unaingia nyingine inayopingana nayo. Ukirekebisha kimoja unaharibu kingine. Kasoro hiyo hufanana sana na ile ya mianga miwili, na wengi huilaumu skana bure.

Tukirudi kwenye skana, hapa ndipo mtindo wa wengi unapotelea bila wao kujua. Mashine za maabara, Noritsu na Fuji Frontier, hurekebisha kila fremu peke yake, zikidhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa zitakaribia kijivu. Dhana hiyo inafaa kwa harusi na pikiniki. Mtaani inafeli. Ukipiga ukuta mwekundu uliojaza fremu, mashine inaona "nyekundu imezidi", inaongeza sayani, na ukuta unarudi ukiwa na wekundu uliochujuka huku mtu aliyesimama mbele yake akiwa wa kijani. Ukisogea hatua moja ukapiga tena, anga likaingia, ukuta uleule unatoka mwekundu vizuri. Mpiga picha wa rangi hupenda rangi moja itawale fremu, na hiyo ndiyo hali hasa inayoichanganya mashine. Kwa hiyo mwombe fundi mambo matatu: azime marekebisho ya kila fremu, atumie mpangilio mmoja kwa mkanda mzima akianza na ile fremu ya kadi ya kijivu, na akupe faili za TIFF zenye utofauti mdogo wa giza na mwanga, hata kama zinaonekana baridi na zisizo na ladha. Zitapata uhai kwako.

Akikataa, au akiwa mbali, skani mwenyewe. Unahitaji kamera ya dijitali yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, kishikio cha kuinyoosha negativu, na sahani ya taa yenye kipimo cha CRI, yaani usahihi wa taa katika kuonyesha rangi, kisichopungua 95. Sahani za kuchorea za watoto hukosa baadhi ya rangi na hutaweza kuzirudisha. Tumia f/8, ISO 100, faili ghafi (RAW), chumba chenye giza ili mwanga wa dirisha usiakisi juu ya filamu. Weka mizani ya weupe kwenye ukingo mtupu wa filamu ulio kati ya fremu, utando wa chungwa utazimika. Pindua picha moja, iweke sawa, kisha nakili mpangilio huo kwa mkanda mzima kabla hujagusa fremu yoyote moja moja. Utashangaa ni picha ngapi hazihitaji kuguswa tena. Zinazohitaji zitakuonyesha pale ambapo mwanga wenyewe ulibadilika, na hilo ni somo.

Hadi hapa tumezungumzia uthabiti, na uthabiti peke yake hutoa picha zinazofanana, ambazo zinaweza pia kuchosha kwa namna moja. Kinachobaki ni kuona rangi zilizoko mtaani na kujua zimefikaje. Miji yetu imepakwa rangi na makampuni. Maduka mengi ya mtaani yana kuta nyekundu, buluu au kijani za mitandao ya simu na soda, zikiwa zimekolezwa hasa ili zikuvute ukiwa mbali. Usipoamua, nusu ya picha zako zitakuwa na rangi za mtu wa matangazo ya kampuni. Wapo wanaozikubali kama ukweli wa mtaa. Wapo wanaozungusha kamera hadi zitoke. Msimamo wa tatu ni kuzipiga zikiwa kwenye kivuli, ambako ukali wake unashuka na rangi nyingine zinapata nafasi ya kusema.

Kanga ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Nyingi zina rangi mbili au tatu tu, pindo ikibeba moja kwa nguvu na mji ukibeba nyingine. Picha ya rangi inayoshika mara nyingi ina mpango huohuo: rangi moja inachukua eneo kubwa, ya pili inakaa kinyume chake kwa udogo, na zilizobaki zimenyamaza. Kipande kidogo cha nyekundu kwenye kona ya chini, kifuniko cha ndoo au kandambili, kinaweza kulivuta jicho hadi likauacha uso uliokusudiwa. Maandishi hufanya vivyo hivyo, jina la kanga likiwemo. Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho pembe nne za fremu ukitafuta rangi kali kuliko ile unayoifuata. Ikiwepo, piga magoti au sogea upande, mara nyingi hatua moja inatosha.

Lenzi moja inasaidia kuliko tatu. Ya milimita 35 huweka mtu ndani ya mtaa wake. Ya 90 hukandamiza mtaa uwe mabamba ya rangi, kama alivyofanya Saul Leiter jijini New York, aliyependa lenzi ndefu, vioo vyenye mvuke na miavuli. Martin Parr alichukua njia nyingine huko New Brighton, Uingereza, katikati ya miaka ya 1980: flashi mchana kweupe, hadi rangi za aiskrimu na ngozi zilizoungua jua zikawa zinapiga kelele. Hakuna kati ya hizo inayotokana na filamu adimu.

Mtindo wenyewe unaonekana mezani. Baada ya mikanda kumi ya filamu ileile, chapisha picha zote zinazokaribia kufaa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, uzitandaze kwenye mkeka. Usizipange kwa mada, soko hapa na stendi pale. Zipange kwa rangi inayotawala, kisha kwa uzito wa kivuli. Mafungu mawili matatu yatakuwa makubwa kuliko mengine bila wewe kupanga: labda buluu ya kivuli yenye doa la njano, labda kuta za chokaa zilizoungua na mwanga. Chukua fungu kubwa, ondoa kila picha ambayo unaipenda kwa sababu ya mtu aliyemo au siku ile ilivyokuwa, tazama kilichobaki. Kwa mikanda mitano inayofuata, tafuta hicho. Ukitaka kujaribu kitu kipya, badilisha kimoja tu kwa wakati, saa ya kupiga au lenzi au kiasi cha mwanga, na uandike kwenye kasha la mkanda umebadilisha nini. Ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kilichofanya kazi.

Filamu yenyewe ihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na iache nje saa mbili kabla ya kufungua ili isitoe jasho. Usiiache kwenye dashibodi ya gari, na uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za CT za kukagulia mizigo huiharibu. Mkanda uliokwisha muda hupoteza kama stopu moja kwa kila miaka kumi na huhama rangi kwa namna yake, kila mmoja kivyake. Kwa anayejenga mtindo ni hasara hata ukipewa bure. Na filamu hufa. Kodachrome ilisimamishwa mwaka 2009, maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya Kansas, ikaacha kuipokea kwa kusafishwa mwishoni mwa 2010. Ukiona filamu unayoitegemea inaanza kuadimika, nunua mkanda mmoja wa mbadala ukiwa bado una ya zamani, piga zote mbili siku moja, ukuta mmoja, uso mmoja, kadi ileile ya kijivu, na uzipeleke zisafishwe kwenye tangi moja. Mpangilio wa skana utakaoifanya ya pili ikae karibu na ya kwanza uhifadhi kabla hujaihitaji.